Treni Isiyosimama Mlunga

Asubuhi niliyoondoka kwetu Masanze sikuwa na safari. Nilikuwa na panga la baba begani na kipande cha muhogo wa kuchoma mfukoni, na nilitakiwa niwe shambani kabla jua halijapanda. Nilipofika pale njia ya shamba inapokatana na reli, badala ya kuvuka nikageuka nikaifuata. Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini. Jibu langu ni kwamba barabarani kila anayekutana nawe atakuuliza unakwenda wapi, na relini hakuna wa kuuliza.

Shule nilikuwa nimeshaiacha. Niliishia darasa la tano, si kwa utundu, bali kwa sababu darasa letu lilikuwa na dirisha upande wa reli, na kila treni ilipopita nilitaka kujua nani aliyeiambia kwamba njia ni nyeupe. Mwalimu alinichapa, kisha akachoka kunichapa, na mimi nikachoka kuchapwa.

Basi nikatembea juu ya mataruma, yaani yale magogo yanayolaliwa na reli, nikiruka moja moja kwa sababu yamepangwa kwa nafasi isiyolingana na hatua ya mtu yeyote. Alasiri nikatokea mahali penye nyumba moja ya mawe yenye bati jekundu, tangi la maji juu ya miguu ya chuma, na reli zilizogawanyika kuwa mbili kisha zikaungana tena mbele. Ubao ulisema MLUNGA. Mtu mmoja mrefu, amevaa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, alikuwa anang'arisha kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye waya kiwe kengele. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa pua.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Unakwenda wapi?"

Nikaona hata relini wapo. "Mbele," nikajibu.

"Mbele ni Mikumi. Mikumi kuna simba. Hilo panga unalijua au umelibeba tu?"

"Nalijua."

"Basi kata haya majani mpaka nikuambie acha."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, au nilivyodhani nimeajiriwa. Jioni alinipa ugali na mlenda, akanifungulia chumba cha taa, kile kidogo cha mwisho ambamo taa za ishara ziliwekwa na kusafishwa. Kilinuka mafuta ya taa hata kwenye kuta. Nikalala kama mfalme.

Yule alikuwa Stesheni Masta wa Mlunga. Sisi wote tulimwita Bwana Stesheni. Alikuwa Mkaguru wa milimani, mtoto wa shule ya misheni, mwenye kupiga pasi koti lake hata siku ambayo hakuna treni. Alikuwa mtu wa kwanza maishani mwangu kunijibu swali bila kwanza kuniuliza linanihusu nini.

Nilimuuliza kwa nini reli zinagawanyika. Akanieleza kwamba kutoka Kilosa hadi Mikumi njia ni moja, na treni mbili haziwezi kupishana juu ya njia moja. Mlunga ilijengwa ili moja iingie pembeni na kumsubiri mwenzake apite. Nikamuuliza chuma kile kirefu chenye mkono ni cha nini. Ni swichi, akasema. Ukikivuta, ulimi wa reli unahama na treni inaingia njia ya pembeni. Ukikivuta vibaya, treni inaingia shambani kwa watu.

Nikamuuliza dereva anajuaje kwamba mbele hakuna treni nyingine inayokuja. Hapo akaingia ofisini, akatoka na pete.

Ilikuwa pete kubwa ya waya mnene uliofungwa ngozi, kipenyo chake kama beseni la kuogea mtoto, na chini yake mfuko mdogo. Ndani ya mfuko kulikuwa na chuma kilichochongwa jina la kipande kimoja cha njia. "Kipande cha njia kutoka hapa hadi stesheni inayofuata," alisema, "kina chuma kimoja tu cha kutembea nacho. Dereva akiwa nacho mkononi, njia ni yake. Asiye nacho hata kama ni waziri, atasubiri. Hii si pete, Ramadhani. Hii ndiyo njia yenyewe, ila imekunjwa ili ibebeke."

Sasa treni inayosimama haina shida. Dereva anashuka, anakabidhi pete ya alikotoka, anapewa ya anakokwenda, wanaulizana habari za watoto. Shida ni treni isiyosimama, na ya abiria haikuwa inasimama Mlunga. Kwa wakubwa wa Kilosa, Mlunga palikuwa mahali pa kupishania tu, si mahali pa watu. Ilipunguza mwendo, ikapita. Mswichi, yaani mtu wa swichi na pete, alisimama ukingoni mwa jukwaa, akanyanyua pete mpya kwa mkono mmoja na kutanua mkono wa pili kupokea ya zamani. Msaidizi wa dereva aliinama dirishani, akatumbukiza mkono wake ndani ya pete hii huku akiachia ile. Kufumba na kufumbua, na treni imekwenda.

Watu wa Mlunga walikuwa wanaliona jambo hilo kila mara, na liliwauma. Mwenye ndizi, mwenye mchele, mwenye mgonjwa, wote walitembea mpaka stesheni ya pili ili wapande treni ambayo imetoka kuwapita mlangoni. Kulikuwa na binti mmoja, Zena, amenizidi miaka michache, aliyekuwa akija jukwaani na beseni la ndizi kila treni ya abiria ikipita. Hakuwa akiuza, atamuuzia nani? Alilinyanyua beseni juu ili abiria walione, basi.

"Unafanya nini?" nilimuuliza.

"Nawaonjesha kwa macho. Iko siku itasimama."

Mswichi wetu wa zamani alipostaafu, Bwana Stesheni aliomba mimi nichukue nafasi yake. Wakubwa hawakutaka. Kijana hana cheti, ametokea porini na panga. Mwishoni wakakubali kwamba Mkaguzi wa Njia, ambaye kazi yake ilikuwa kuzunguka stesheni zote akiangalia kama mambo yanakwenda kwa utaratibu, atakuwa ndani ya treni ya abiria siku fulani, naye ataniangalia nikibadilishana pete. Nikifanya vizuri, kazi ni yangu. Nikikosea, nifunge mzigo wangu, ingawa mzigo wenyewe ulikuwa panga tu.

Siku hiyo nikasimama mahali pangu. Kwa jinsi jukwaa letu lilivyo, treni inayotoka Kilosa inakulazimisha ushike pete ya kutoa kwa mkono wa kushoto na kupokea kwa wa kulia. Nilikuwa nalijua hilo. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi na mti. Lakini mti hauna mvi. Injini ilipokaribia, aliyeinama dirishani hakuwa kijana niliyemzoea, bali mtu mzima, kichwa cheupe kama pamba, wa umri wa babu yangu. Akanitazama. Na mimi nikamwona babu, na mkono wangu wa kushoto ukinyooka kumpa kitu.

Sikufikiri. Mkono ulifikiri wenyewe. Nikahamisha pete kwenda kulia.

Ya kwake nikaipokea kwa kifua, ikanipiga mbavu. Ya kwangu ikagonga bati la injini, ikalia ngaa, ikaruka nyuma yangu, ikabiringika kama gurudumu la watoto mpaka ukingoni mwa jukwaa, ikaingia bondeni kwenye mabingobingo. Yale mabingobingo ndiyo niliyotakiwa kuyafyeka wiki iliyopita, nikaacha kwa sababu nilikuwa namuuliza dereva mmoja wa treni ya mizigo kuhusu breki.

Dereva hana pete, hana njia. Akafunga breki. Treni ya abiria ikasimama Mlunga.

Vichwa vikatoka madirishani. Mkaguzi wa Njia akashuka, mtu mfupi mwenye kofia iliyomzidi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Pete iko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye majani marefu kuliko yeye.

Tukaingia kutafuta: mimi, Bwana Stesheni amekunja suruali, dereva, gadi, yaani msimamizi wa treni, na bendera zake kwapani. Abiria nao wakachoka kukaa, wakashuka. Wapo waliotafuta kweli, wapo waliotafuta kivuli. Zena akaona ajabu aliyokuwa akiingoja. Akapita na beseni lake katikati ya watu, "Ndizi! Ndizi tamu za Mlunga!" na watu wakanunua. Mama mmoja akatoka na mkeka wa vitumbua, mwingine na miwa. Ungedhani ni sikukuu, na mimi niko ndani ya majani, jasho na kwikwi, naitafuta kazi yangu kwa kupapasa.

Hatimaye Zena ndiye aliyepiga kelele kwamba ameiona. Ilikuwa miguuni pake. Beseni lake lilikuwa tupu.

Mkaguzi wa Njia aliishika pete, akafungua mfuko, akahakikisha chuma kimo. Kisha akanigeukia. "Nimekuona. Ulikuwa umeshika sawasawa. Kwa nini ulibadilisha mkono?"

Nikamwambia ukweli, nikiangalia chini. "Yule mzee, bwana. Ningempaje mzee kitu kwa kushoto?"

Msaidizi wa dereva, yule mwenye mvi, aliangua kicheko mpaka akaegemea gurudumu. "Jamani! Mimi nimesimamishiwa treni kwa heshima! Hata harusini kwangu sikuheshimiwa hivi!" Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na kicheko chake kilikuwa na moshi wa miaka mingi.

Bwana Stesheni yeye hakucheka. Aliogopa nisije nikafukuzwa, nilimwona. Akasema kwa sauti ya mwalimu wa Jumapili, "Reli haina kushoto, Ramadhani. Ina upande wa treni na upande usio wa treni."

Mkaguzi akatutazama wote wawili, akavaa vizuri kofia yake iliyomzidi. "Kijana anayekumbuka adabu injini ikimjia usoni hatasahau swichi," akasema. "Aajiriwe. Lakini huo mkono mfundisheni. Na hayo majani yafyekwe."

Treni ikaondoka. Haikusimama tena Mlunga.

Kufundishwa mkono kulikuwa hivi. Bwana Stesheni alikuwa na baiskeli. Kila jioni alipanda na pete begani, akaja mbio juu ya jukwaa huku analia "Puu! Puu!" kwa mdomo, amevaa koti lake la kaki na vifungo vyote, nami nisimame nibadilishane naye. Yeye ndiye treni. Nikitoa kwa kulia, alisimama, akarudi nyuma mpaka mwanzo wa jukwaa, akaanza upya. Watoto wa kijiji walikuwa wanakuja kutazama. Mpaka leo nikiona mtu juu ya baiskeli mkono wangu wa kushoto unataka kunyanyuka.

Na kina mama hawakunisahau. Kila treni ya abiria ilipokaribia, nimesimama imara na pete yangu juu, nyuma yangu nasikia, "Rama! Angusha leo! Ndizi zimeiva!" Zena alikuwa kiongozi wao. "Mara moja tu, kaka'angu. Wewe una heshima bwana, waheshimu wazee!" Sikuangusha. Nilitamani, sitadanganya, hasa siku nilipoona mgonjwa amebebwa kwenye machela kwenda stesheni ya pili, na treni inampita njiani. Lakini pete iliyoangushwa kwa makusudi si pete tena. Dereva akishaanza kujiuliza kama mswichi ameteleza au amecheza, siku nyingine ataipokea njia bila kuiamini, na hapo ndipo watu hufa.

Mimi si mtu wa kukaa. Baada ya miaka kadhaa niliomba uhamisho, na wakubwa, ambao huwa wanabembeleza watu waende porini, hawakuamini macho yao kuona mtu anaomba kuhama kila mara. Nilifanya kazi yadi ya Kilosa chini ya Mkuu wa Yadi, mtu aliyepanga mabehewa kichwani kama mtu anayecheza bao. Huko nilijifunza kufunga na kufungua mabehewa, kusimama katikati yao bila kusagwa, na kumsemesha dereva kwa bendera tu. Nilimuuliza maswali mpaka akanipangia zamu ya upande wa pili wa yadi. "Wewe Ramadhani," aliniambia, "Mungu akikupeleka peponi utamuuliza mlango umetengenezwa na nani."

Mikumi nilikaa pia. Stesheni Masta wa pale alikuwa na adui mmoja duniani, tembo aliyependa tangi letu la maji. Tembo alikuwa anakuja mchana kweupe, anakung'uta bomba, anakunywa, anaoga, na treni ya sukari kutoka upande wa Ruhembe inapiga honi inasubiri amalize. Stesheni Masta alikuwa anaipigia Kilosa simu ya kukoroga, ile unayozungusha mkono kwanza ndipo ilie, na kusema kwa uchungu, "Njia si nyeupe. Yuko tena." Kilosa hawakuuliza nani.

Kila nilipohama nilipita Mlunga, na kila nilipopita Bwana Stesheni alikuwa jukwaani anang'arisha kengele. Siku alipostaafu nilikuwa ndani ya behewa la gadi, napita tu, treni haisimami. Alikuwa amevaa koti. Akanyanyua mkono wa kushoto juu kabisa, peke yake, hakuna pete, nami nikatanua wangu nje. Sikumwona tena. Alizikwa milimani kwao.

Mambo yakabadilika kidogo kidogo, kama meno yanavyong'oka. Redio ikachukua kazi ya pete. Malori yakachukua sukari. Treni ya abiria ikawa ya siku moja moja, halafu ikawa haiji. Mlunga pakafungwa, popo wakahamia ofisini kwa Bwana Stesheni, na mtu akachukua mlango wa choo. Mimi nikastaafu nikaenda kukaa Kilosa, Magomeni, kwa binti yangu, mahali penye maduka na majirani wema na televisheni. Sasa hivi ukikaa Kilosa unaiona treni mpya ya umeme ikipita kama wazo. Ni nzuri. Lakini sijui nimuulize nani inajuaje kwamba njia ni nyeupe.

Asubuhi moja mwaka huu nikaamka, nikanywa chai, nikavaa viatu. Binti yangu akauliza, "Baba, unakwenda wapi?" Nikasema, "Mbele." Akajua ndiyo hivyo.

Nilipofika Mlunga nilidhani nimekosea mahali. Bati lilikuwa limepakwa rangi. Mafundi walikuwa juu ya ngazi, na kijana mmoja mwenye fulana nadhifu na simu mbili alikuwa anapiga picha tangi. Akaniamkia vizuri, akajitambulisha kuwa ni Meneja wa Safari. Kikundi chake kilikuwa kimepewa ruhusa ya kuendesha treni ya zamani kati ya Kilosa na Mikumi kwa ajili ya wageni na watu wanaotaka kuona reli ilivyokuwa. Alipojua mimi ni nani, akanishika mikono yote miwili.

"Mzee, unaweza kubadilishana pete? Tumezipata stoo ya Kilosa. Ndicho ninachotaka hapa. Treni inakuja, inapunguza mwendo, pete inabadilishwa, wageni wanapiga picha, tunaendelea Mikumi kuangalia wanyama."

"Na Mlunga itasimama?"

"Hapana, mzee. Hapa hapana cha kuona. Safari ya majaribio ya kesho kutwa ikienda vizuri, hivyo ndivyo ratiba itakavyokuwa moja kwa moja."

Nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua. "Rama! Umekuja kuangusha?"

Alikuwa Bi Zena. Sasa ni bibi, amenona, ana wajukuu, na beseni lilikuwa la plastiki badala ya bati. Vinginevyo ni yule yule. Alikuwa amesikia yote. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia. Kina mama walikuwa wameshapanga mikeka, na sasa walikuwa wanaambiwa kwamba treni imerudi kutoka kaburini ili iwapite tena.

"Sikiliza, kaka'angu," aliniambia alipoondoka Meneja. "Wewe ni mzee sasa. Mkono wa mzee unatetemeka. Nani atakulaumu?"

"Hautetemeki."

"Utetemeshe."

Nikamwambia siwezi. Akaniita jiwe, akaniita bendera nyekundu, akanipa ndizi.

Siku iliyofuata waliniletea msaidizi wa dereva nimfundishe. Nilitegemea kijana wa kiume. Akashuka binti, Neema, mzaliwa wa Magomeni hapo hapo Kilosa, ovaroli limemkaa vizuri na kucha zimekatwa fupi. Akapiga goti kuniamkia. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, lakini nilipompa pete nikaona ugonjwa ninaoujua. Yeye naye, kwa jinsi dirisha la injini lilivyo, alitakiwa kunikabidhi kwa kushoto.

"Babu, siwezi."

"Unaweza. Reli haina kushoto."

"Mama ataniua."

"Mama yako yuko Kilosa."

"Kesho kaalikwa! Atakuwa behewa la kwanza, dirishani."

Nikaazima baiskeli. Magoti yangu hayakufurahi, lakini nilipanda, nikaja mbio juu ya jukwaa la Mlunga nikilia "Puu! Puu!" kama nilivyofundishwa, yeye akiwa juu ya kreti la soda kama dirisha. Mafundi wakaacha kazi. Jioni alikuwa anatoa na kupokea bila kufikiri.

Siku ya majaribio kijiji chote kilikuwa jukwaani. Nilisimama mahali pangu pa zamani, pete kushoto. Injini ikatokea kwenye kona. Nyuma yangu Bi Zena akanong'ona, "Rama. Kwa ajili ya Mungu." Nikanyanyua mkono. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi nilitamani utetemeke wenyewe.

Haukutetemeka. Neema akainama, uso mkavu, akaingiza mkono kwenye pete yangu, na ya kwake ikatua begani kwangu taratibu kama mtoto anayebebwa. Safi. Bwana Stesheni angefunga kifungo cha juu kwa furaha. Wageni walipiga makofi. Behewa la kwanza likapita, la pili likapita.

Bi Zena akashusha beseni chini. "Hongera," akasema, na neno hilo liliniuma kuliko jiwe.

Ndipo breki zikalia. Magurudumu yakapiga yowe, mabehewa yakasukumana, na treni ikasimama, mkia wake ukiwa bado umegusa jukwaa letu. Mlango wa behewa la kwanza ukafunguliwa, akashuka mama mmoja mnene mwenye kanga mbili, akaja juu ya kokoto anatembea kama mtu anayekwenda kugombana.

Meneja alikuwa anakimbia nyuma yake. "Nani amevuta mnyororo? Mama! Ule mnyororo ni wa hatari tu!"

"Nimevuta mimi. Na hii ni hatari!" Hakugeuka hata kumtazama. "Neema! Shuka!"

Neema akashuka, ovaroli na aibu.

"Hivi ndivyo nilivyokulea? Unampa mzee kitu kwa kushoto, hujamwamkia, unampita kama gogo? Watu wamekupiga picha! Kesho Magomeni nitapita wapi?"

"Mama, babu mwenyewe ndiye aliyenifundisha..."

"Usimsingizie mzee!"

Kisha akanifikia, akabadilika uso, akapiga goti mbele yangu juu ya kokoto. "Shikamoo baba. Utusamehe. Watoto wa siku hizi."

"Marahaba mwanangu," nikasema, nikicheka na kulia pamoja. "Hajakosa. Kafanya vizuri kuliko mimi siku yangu ya kwanza."

Ikabidi nimweleze ilivyokuwa siku yangu ya kwanza. Wageni walikuwa wameshashuka wanasikiliza, mmoja akiwatafsiria wenzake. Mama akaitoa pete begani kwangu, akampa Neema, naye akanikabidhi upya kwa mikono miwili, akaniamkia, nami nikaitikia. Hapo ndipo mama aliporidhika. Kufikia wakati huo kulikuwa na mgeni anagonga kengele ya reli, wawili wanapanda ngazi ya tangi, wengine wamezunguka mikeka ya vitumbua, na Bi Zena haonekani kwa watu. "Ndizi! Ndizi tamu za Mlunga!"

Meneja alisimama katikati ya hayo yote na simu zake mbili. Nilimsogelea. Akaangalia jukwaa. Akamwangalia mama Neema. Akapumua.

"Itasimama," akasema. "Nikisema ipite, kila safari mama wa mtu atavuta mnyororo." Halafu akaongeza, kwa heshima, "Na wewe mzee utakuwepo? Mtu wa kuwaeleza?"

Nikasema sijawahi kujua nitakuwa wapi. Lakini nitakuwepo.

Treni ilipokwenda, nilikaa na Bi Zena ukingoni mwa jukwaa, pale pale pete ilipobiringika. Bondeni mabingobingo yameota tena. Beseni lilikuwa tupu katikati yetu.

"Nikwambie kitu?" akasema. "Siku ile unafikiri niliiona pete saa ile niliyopiga kelele?"

Nikamtazama.

"Niliiona mapema. Nikaikanyaga. Nikasimama juu yake mpaka beseni likaisha."

Nilikuwa ndani ya majani nalia, na kazi yangu iko chini ya kandambili zake. Miaka yote hii. Nilitaka kukasirika, nikaona nimechelewa mno. Tulicheka mpaka mafundi wakatugeukia.

Vijana mnaosoma haya mtauliza kazi ile ilinifundisha nini. Nimejifunza kwamba utaratibu hautaki ujanja hata unapokuumiza, na kwamba adabu nayo ina njia zake za kusimamisha treni. Havigombani vitu hivi viwili. Vinapishana tu, na panatakiwa mahali pa kupishania.

Jua lilipoanza kuteremka Bi Zena akaniuliza nitalala wapi. Nikasema sijafikiri. Akanyanyuka, akalijaza beseni vyombo vyote vya kina mama, akajitwika, mkono wa kulia umelishika. Akapapasa kwenye fundo la kanga, akatoa ufunguo mpya unaong'aa, akaninyooshea.

"Chumba cha taa. Wamekisafisha, nimeweka mkeka. Samahani kwa mkono wa kushoto, huu mwingine umebeba."

"Lete tu," nikasema. "Hapa ni stesheni."